Waziri Katoroka Nyamiaga

Jumatano ya tarehe kumi na tisa Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ndiyo siku kila kitu kilipoharibika. Asubuhi ile Xavery alitoka kanisani akiwa mtu mwenye mchumba, mwenye mbwa na mwenye nyumba ya bati jipya Nyamiaga. Kabla jua halijafika utosini alikuwa amebaki na nyumba tu.

Lakini huwezi kujua alichopoteza mpaka umwone Anneth kwanza, vile alivyosimama stendi ya Nyakanazi mwezi wa Januari.

Stendi ile haipumziki. Mabasi ya Mwanza, ya Kigoma na ya Kahama yanaingia yakipiga honi, malori ya Rwanda na Burundi yamejipanga pembeni kama ng'ombe kwenye josho, wauza mahindi ya kuchoma wanakimbilia madirishani. Xavery alikuwa anatoka Biharamulo mjini kununua vijiti vya kuchomelea vyuma. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyeusi vilivyong'aa, maana alikuwa mjane, na mjane akivaa vibaya watu humhurumia, na yeye huruma za watu zilikuwa zimemchosha.

Amesimama hivyo, akasikia uvuguvugu unaingia kwenye soksi.

Alitazama chini. Kijibwa cha manyoya ya kijivu na meupe, masikio yamesimama, macho ya bluu kama chupa ya dawa, kimemaliza kumkojolea na kinamtazama usoni. Xavery aliruka nyuma mpaka mgongo ukagonga ubavu wa basi.

"Jamani, kaka, samahani!" Msichana alikuja mbio, akainama, akambeba mbwa. Gauni lake lilikuwa la kitenge cha kijani, mabega yamevimba vizuri, kiuno kimekaa mahali pake. Alilishona mwenyewe, kazi yake ilikuwa cherehani, Biharamulo mjini.

"Mbwa wako amenikojolea."

"Siyo wangu. Nimemjua sasa hivi, kama ninavyokujua wewe."

"Kwa hiyo mimi na yeye tunafanana?"

"Hapana," Anneth akacheka. "Yeye ana macho mazuri."

Mwenye mzigo alifika akihema. Alikuwa Niyongabo, dereva wa lori kutoka Burundi. Alieleza kwamba yule ni haski, mbwa wa nchi za barafu. Alikabidhiwa Kigali ampeleke kwa bosi mmoja Kahama, sasa bosi hapokei simu, na yeye amechoka kufuta mavi kwenye kiti cha lori.

"Amechanjwa?" Xavery aliuliza.

"Walisema amechanjwa."

"Kina nani walisema?"

"Walionipa."

"Cheti kiko wapi?"

Niyongabo alicheka mpaka akashika tumbo. "Kaka, mimi mwenyewe sina cheti."

Anneth alimkumbatia yule mbwa kifuani. "Mwenye nyumba wangu hataki hata kuku," alisema. "Wewe kaka unakaa wapi?"

"Nyamiaga, pale Ngara."

"Kuna baridi?"

"Ya kutosha."

"Una ua?"

"Ninao."

"Una mke?"

"Alifariki."

"Pole sana. Aliugua nini?"

"Homa," Xavery akajibu.

Huo ndio uongo uliozaa mambo yote yaliyofuata. Mke wake, Domisiana, hakufa kwa homa. Aliumwa kisigino na kijibwa cha jirani, mbwa mdogo asiyejaa kikapu, akacheka, akapaka mafuta ya taa, akaendelea kupalilia. Walipoambiwa kuna hatari ya kichaa cha mbwa walikwenda kituo cha kwanza, wakaambiwa chanjo imekwisha. Wakaenda cha pili, wakaambiwa iko njiani. Njiani! Magari ya wakubwa yanapita vijijini kila wiki na viyoyozi vinawaka, yanapeleka watu kwenye semina, lakini kisanduku cha chanjo kinachoshikika kwa mkono mmoja kilikuwa njiani mpaka Domisiana akaingia kaburini. Xavery alimwona alivyokufa. Hakuwahi kumsimulia mtu. Tangu siku hiyo akiona mbwa alivuka barabara.

Na bado, kwa sababu ya lile gauni la kijani na kile kicheko, akajisikia anasema, "Nitamchukua mimi."

"Kweli, kaka?"

"Kweli. Ila nipe namba yako. Mimi mbwa sijui anafugwaje."

Anneth aliandika namba kwenye simu ya Xavery kwa kidole chenye alama za sindano. "Tumpe jina gani?"

Kijibwa kilikuwa kimekula hindi la mtu, kimesinzia mkononi mwake, na kwa raha ya usingizi kimelowesha lile gauni.

"Tumwite Waziri," Xavery alisema. "Anakula, analala, anachafua, na kusafisha ni kazi ya wengine."

Walicheka wote watatu, hata Niyongabo, ambaye kwao nako mawaziri wapo.

*

Simu zilianza siku hiyo hiyo.

"Anafanyaje?"

"Analia. Analia kama mtu aliyefiwa. Majirani wameshakuja kuuliza kama nimefuga fisi."

"Amezoea wenzake, mpenzi, leo yuko peke yake." Neno mpenzi lilimtoka kwa bahati mbaya, wote wawili wakajifanya hawakulisikia. "Mtafutie boksi, weka nguo yako kuukuu ndani, asikie harufu yako."

"Nguo yangu?"

"Shati hilo jeupe. Si ameshalizoea?"

Anneth hakuwa mtaalamu wa mbwa. Alikuwa anaangalia video kwenye simu jioni akimaliza kushona, halafu anamsomesha Xavery. Mbwa akiamka, nje. Akimaliza kula, nje. Akimaliza kucheza, nje. Mahali pale pale kila mara, ili harufu imkumbushe. Akikosea ndani usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo, futa kwa maji na siki, nyamaza. Akipatia, msifie sana.

"Nimsifie mbwa kwa kukojoa?"

"Mpigie makofi. Wewe si unawapigia makofi wanaokuja kufungua visima visivyo na maji?"

Xavery alifuata yote, lakini kwa namna yake. Alivaa mabuti ya mvua mpaka magotini na glavu zake nene za kuchomelea, akamshika Waziri kama anashika chuma kilichotoka motoni. Alimfunga kamba ndefu, akamtoa nje ya uzio, kando ya barabara, akasimama mbali na fimbo. Waziri alikaa akamtazama. Bodaboda zikapita. Waziri akasahau kilichomtoa, akarudi ndani, akachuchumaa katikati ya sebule.

"Ananidharau," Xavery alilalamika kwenye simu.

"Anakuogopa. Unamwendea na fimbo na glavu, ungekuwa wewe ungekojoa?"

"Mwanamke, una maneno!"

"Na wewe una woga. Mwanaume mzima anakimbia kijibwa." Alisema kwa utani. Hakujua amegusa wapi.

Zilipita wiki. Waziri alitafuna ndala, akatafuna mguu wa kiti, akachimba mashimo uani. Manyoya yake yakajaa kwenye ugali. Lakini siku moja Xavery alisahau glavu, na alipokumbuka, mkono wake ulikuwa umeshazama kwenye shingo ya yule mnyama, na ule moyo uliokuwa unadunda chini ya manyoya ulikuwa unadunda kwa kasi kama wake. Akautoa mkono haraka, akaenda kuuosha kwa sabuni mara tatu. Hakumwambia Anneth kuhusu sabuni. Alimwambia kuhusu mkono.

"Umemshika?"

"Nimemshika."

"Xavery wangu!" Anneth akapiga vigelegele dukani, wateja wakageuka.

Alianza kuja Nyamiaga siku za mapumziko, akalala kwa jirani, mama Secilia, ili watu wasije wakasema. Mchana Xavery akiwa karakana kwake mjini, Anneth alishika kazi ya mbwa. Pale barabarani hakupapenda hata kidogo. Pikipiki moja tu ingetosha. Nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, aliona mahali pazuri. Palikuwa na kivuli, udongo umeinuka kidogo, na juu yake yametandazwa majani makavu ya migomba, kama mtu aliyetandika kwa kupenda. Alimwongoza Waziri pale. Waziri alinusa, akazunguka, akafanya.

"Safi! Mtoto mzuri! Safi kabisa!"

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Waziri akibanwa alikwenda mlangoni, akakwaruza kwa kucha, akafunguliwa, akakimbilia majani makavu. Nyumba ikakauka. Xavery alishangaa, akadhani ni ile siki.

Sasa sikia jambo hili. Watu wa kule huwazika wapendwa wao nyumbani, ndani ya migomba yao. Anayepita akiona msalaba anajua. Lakini msalaba wa Domisiana ulikuwa wa mti, na mchwa walikuwa wameumaliza mvua za mwaka jana. Xavery alikuwa anatengeneza wa chuma karakana, na kila akiwasha moto amalizie, mikono ilimgomea. Kwa hiyo alifanya alichoweza. Jumapili kwa Jumapili, alfajiri kabla ya misa kungali giza, alitandika majani makavu mapya juu ya yale ya zamani, mvua isilimomonyoe kaburi.

*

Basi, siku ile ya Mtakatifu Yosefu, Xavery alitoka misa ya asubuhi na maua machache ya njano aliyochuma njiani. Alitaka ampelekee Domisiana habari. Alitaka amwambie kwamba kuna binti anaitwa Anneth, wa Nyantakara, na kwamba amekusudia kwenda kwao kujitambulisha. Alizunguka nyuma ya nyumba.

Anneth alikuwa amesimama pale kwa gauni jeupe la sikukuu, anapiga makofi. "Safi, Waziri! Mtoto mzuri!" Na Waziri alikuwa amechuchumaa juu ya Domisiana.

Maua yalianguka. Xavery alipiga kelele ambayo hata yeye hakuijua. Aliokota fito ya kuegemezea migomba, akamwendea mbwa. Anneth akamwahi, akamnyanyua.

"Xavery! Una wazimu? Ndipo mahali pake hapa!"

"Toka hapo! Ondoka hapo, mwanamke usiye na adabu!"

Fito ilishuka, ikampata Waziri mgongoni. Mbwa alilia, akajipinda, na meno yake yakakamata kilichokuwa karibu, mkono wa Anneth. Mbwa akaanguka chini, akapenya chini ya uzio, akapotelea barabarani.

Anneth aliushika mkono wake, macho yamejaa machozi. "Unanipigia mbwa kwa sababu ya mavi?"

Xavery alikuwa amepiga magoti, anazoa yale majani kwa mikono mitupu, huku anasema, "Nisamehe, Domisiana. Nisamehe, mama."

Hapo Anneth akaelewa nusu. Alielewa yuko nani chini ya majani. Nusu nyingine, ile ya kisigino na kijibwa, hakuielewa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Aliona mwanaume anayemtukana mwanamke aliye hai kwa ajili ya aliyekufa. Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Mama Secilia ndiye aliyekuja baadaye. "Xavery, umemfanya nini yule binti? Amepanda bodaboda mkono umefungwa leso, leso yote damu."

"Damu ya nini?"

"Si mbwa wako amemng'ata!"

Xavery alikaa chini pale pale.

*

Alipiga simu, ikaita, ikakatwa. Alipiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Jioni akampigia Tecla, rafiki wa Anneth aliyekuwa anashona naye duka moja.

"Shemeji, hakutaki," Tecla alisema. "Amefika sasa hivi, analia. Amesema kaoe kaburi lako."

"Tecla, sikiliza. Mwambie aoshe mkono kwa sabuni. Maji yanayotiririka, robo saa nzima."

"Kidonda chenyewe kama cha sindano! Shemeji na wewe, umempiga, umemtukana, sasa unajifanya daktari?"

"Tecla, Domisiana hakufa kwa homa."

Tecla aliiweka simu sauti kubwa, akaiweka juu ya cherehani, mbele ya Anneth.

Na Xavery, bila kujua anayesikiliza ni nani, akasimulia. Alisimulia kijibwa cha jirani na mafuta ya taa. Alisimulia vituo viwili na lile neno njiani. Alisimulia siku ya mwisho, Domisiana alivyoogopa upepo wa mlango ukifunguliwa, alivyomwomba atoke asije akamdhuru, na Xavery alivyomfunga mkewe aliyempenda kwa kanga zake mwenyewe. "Nilimwambia kila mtu ni homa," alisema, "kwa sababu wangeniuliza kwa nini hukumwahisha. Nilimwahisha! Nani atanisadiki? Wakubwa wanaandika kwenye ripoti zao kwamba dawa zipo."

Halafu sauti nyingine ikasikika, ndogo, kavu.

"Kwa nini hukuniambia, Xavery?"

"Anneth?"

"Nilikucheka. Nilikuita mwoga."

"Osha mkono, mpenzi wangu. Utanichukia baadaye. Osha kwanza."

Alisikia maji yakimwagika ndani ya beseni, Tecla akimimina, Anneth akisugua na kuguna. Alikaa kwenye simu mpaka walipomaliza.

Kesho yake Anneth alikwenda kituo cha afya. Muuguzi kijana aliyeitwa Nice alitazama kidonda, akatazama ndani ya friji, akarudi anatazama sakafu.

"Dada, haipo. Tumeagiza."

"Nifanye nini sasa?"

"Mbwa yuko wapi? Akipatikana afungwe, aangaliwe siku kumi. Akizimaliza mzima, na wewe mzima. Akifa au akipotea..."

Anneth alimpigia Xavery kutoka kwenye ngazi za kituo. Hakulia. Alisema tu, "Waziri yuko wapi?"

"Nitampata."

"Xavery, naogopa."

"Na mimi."

"Usiniambie na wewe unaogopa! Niambie uongo."

"Uongo nimeacha," Xavery akajibu. "Lakini nitampata."

*

Siku hiyo hiyo gari la matangazo lilipita Nyamiaga. Mbwa wote wanaozurura wangepigwa risasi kuanzia Ijumaa, kwa usalama wa wananchi. Ndivyo mambo yao yalivyo. Chanjo ilikosa fungu, risasi zikapata.

Xavery alifunga karakana. Alivaa mabuti, akachukua glavu na kamba, akaanza kuuliza nyumba hadi nyumba. Alikuta mbwa kila ua. Walimbwekea, walimkenulia meno, na kila mara mwili wake ulitaka kugeuka urudi. Alisimama getini, akauliza kwa sauti ya juu, "Mmeona mbwa wa kijivu, macho ya bluu?" Watu walimtazama miguu inavyogongana, wakacheka.

"Unamtafuta mbwa na unamwogopa mbwa?"

"Ndiyo," alijibu. "Mmemwona?"

Kwenye kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja alisema kuna mzee wa mkaa, wa kule Lukole, alipita na baiskeli, na ndani ya tenga lake tupu kulikuwa na kitu kinalia kama mtoto. Xavery akapanda pikipiki hapo hapo.

Alipofika, watu walikuwa wamekusanyika uani kwa mzee huyo. Aliitwa Nyandwi. Wanaume wawili walikuwa na mikuki. Mwanamke mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba macho yale si ya mbwa wa duniani, kwamba lile ni fisi limetumwa, liuawe kabla halijazoea kijiji. Mzee Nyandwi alikuwa amesimama mlangoni pa banda la mbuzi, mikono ameitanua.

"Shikamoo, mzee," Xavery alisema, pumzi zimemwishia.

"Marahaba. Na wewe umekuja na mkuki?"

"Nimekuja na kamba. Ni wangu."

"Wako? Basi waambie hawa. Mimi nimewaambia hawasikii. Fisi gani anabisha hodi? Jana alikwaruza mlango. Namfungulia, anakwenda kwenye majani makavu ya migomba, anajisaidia, anarudi ndani, analala. Wajukuu zangu wenyewe hawana adabu hiyo! Nikasema huyu amefundishwa na mtu."

"Amefundishwa na mchumba wangu," Xavery akasema. "Amemng'ata. Mkimuua hatutajua kama alikuwa mgonjwa. Naomba mniachie nimfunge, nimwangalie. Naomba sana."

Aliyekuwa na mkuki mrefu aliushusha. Hata yeye alikuwa na mke.

Waziri alitoka bandani akiwa ameinamisha kichwa. Alipoona buti, alilala kifudifudi, akajikojolea kwa hofu. Xavery alivaa glavu, akamwinua. Ndipo alipoona sikio la kushoto. Lilikuwa limechanika, damu imekauka.

"Mzee, hiki kidonda kakipatia wapi?"

"Nilimwokota nacho barabarani."

"Kaumwa na mbwa mwingine?"

"Labda mbwa. Labda waya wa uzio. Nani alikuwepo?"

Hakuna aliyekuwepo. Xavery alimtia kwenye tenga la mzee, akafunga mfuniko kwa kamba, na njia nzima kuelekea Biharamulo hakuacha kulitazama lile sikio kupitia matundu.

*

Anneth alikuwa barazani pa duka, gauni la kahawia, mkono umefungwa bandeji safi. Alipoliona tenga linashushwa alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Anakula?"

"Anakula. Amekula maandazi yangu mawili."

"Anakunywa?"

"Anakunywa."

Alichungulia kwenye matundu ya tenga. Macho ya bluu yalimtazama, mkia ukapiga ukuta wa fito. "Waziri, wewe mjinga," alisema, na sasa ndipo alipolia. Xavery alitaka kumshika bega, akakumbuka amevaa glavu, akazivua, akanawa kwa sabuni kwenye ndoo ya Tecla, akarudi, akamshika.

"Nisamehe kwa fito," alisema. "Nisamehe kwa lile neno. Adabu sikuwa nayo mimi."

"Na mimi nisamehe kwa Domisiana. Nimempeleka mbwa juu yake wiki ngapi!"

"Hukujua. Nilimficha."

"Angenichukia?"

Xavery alifikiri. "Angecheka sana. Halafu angekufanya ufagie."

Anneth alicheka kidogo, akajifuta. Lile sikio alikuwa ameshaliona. Hakuuliza, na Xavery alijua ameliona.

"Jumapili nakwenda Nyantakara kwa baba yako," Xavery alisema. "Nimeshawaambia wazee wangu wawili."

"Jumapili? Siku kumi hazitakuwa zimekwisha."

"Najua."

"Utatoa posa kwa mtu ambaye labda..."

"Anneth, nikingoja kuhakikishiwa na wakubwa wa nchi hii nitazeeka. Nakuposa hivi hivi, na woga wangu. Ukinikataa, nikatae kwa sababu nyingine."

Tecla aliacha kukanyaga cherehani ili asikie vizuri.

"Sijakukataa," Anneth akasema. "Ila usije na mabuti hayo kwa baba yangu."

Simu yake iliita kabla hawajamaliza kucheka. Alikuwa Nice, muuguzi. Imepatikana, alisema, kichupa kimoja, kimeazimwa kutoka kwingine, aje mara moja kabla mtu mwingine hajaletwa. Waliliacha tenga kwa Tecla, wakaenda kwa miguu wameshikana, karibu wanakimbia, gauni la kahawia na shati lililojaa vumbi la Lukole.

Nice alikuwa anawasubiri. Alivuta dawa, akagonga bomba la sindano kwa ukucha, akamchoma Anneth begani. Xavery aligeuza uso ukutani, midomo inasali. Anneth alishusha mkono wa gauni, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumatano.

"Hiyo ni ya leo," Nice alisema. "Jumapili urudi kwa ya pili, dada. Usikose hata moja, ukikosa ni kama hukuanza."

"Sitakosa." Anneth alitazama friji nyuma ya muuguzi. Mlango wake ulikuwa umebaki wazi. Rafu zote zilikuwa nyeupe, tupu, taa ndogo inawaka. "Na hiyo ya pili, ipo?"

Nice alifunga friji. Alitazama mlango wa ofisi ya mkubwa wake, ambao ulikuwa na kufuli kwa sababu mkubwa alikuwa semina. Alitazama mkono wa Xavery ulivyoukamata wa Anneth.

"Dada Nice," Xavery akasema polepole, "amekuuliza. Ipo?"